Jiwe, Jivu, Kugeuka: Siku za Kokura

Soko la zamani la Kokura linaitwa Tanga. Nilikataa kuamini mpaka mwenyeji wangu aliponisimamisha langoni na kunisomea bango herufi kwa herufi. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Tanga, amezaliwa Ngamiani, daktari kijana aliyekwenda Japani kujifunza kuzibua mishipa ya moyo. "Mama," aliniambia, "siku niliyofika hapa niliwapigia simu nyumbani, nikawaambia nimeshuka Tanga na samaki wapo."

Samaki wapo kweli. Soko ni njia moja nyembamba iliyoezekwa, limekaa juu ya mto mdogo uitwao Kantake, na mbele yake kulikuwa na uwazi wa ujenzi; mwaka 2022 soko liliungua mara mbili, Aprili na tena Agosti. Mimi nimekulia Unguja, nimezoea mnada wa Darajani, ambako bei hupigwa kwa sauti na samaki hurushwa sakafuni. Kokura samaki wamelazwa juu ya barafu vichwa vikielekea upande mmoja, kila fungu na kikadi cha bei, na muuzaji haiti mtu. Ukisimama atakukaribisha, ukipita hakufuati. Kitoweo cha pale ni nukadaki: samaki kama sadini aliyechemshwa taratibu ndani ya pumba za mchele zilizochachushwa, ambazo kila nyumba hutunza chungu chake. Sisi pumba tunawapa kuku. Nilionja nikakuta chumvi, uchachu, na kwa mbali utamu, mwiba umelainika hadi unatafunika. Nikajiuliza ni vitu vingapi nyumbani tumeviita vya kuku kwa sababu tu hatukuvipa muda.

Lakini sikusafiri kwa ajili ya samaki. Kaka yangu mkubwa aliwekewa stenti, kile kijibomba cha kuushikilia mshipa wa moyo wazi, miaka miwili kabla ya safari yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Ukoo mzima ulichanga, kundi la wotsapu likaitwa Moyo wa Kaka, na alipotoka tulimpokea kwa maulidi. Haukupita mwaka, kifua kikaanza kumbana upya, pale pale, akipanda ngazi zile zile. Tuliambiwa tu kwamba mshipa ulikuwa na chokaa. Neno hilo liliniganda, kwa kuwa marehemu baba yetu alikuwa fundi wa chokaa na sisi wote tumesomeshwa kwa chokaa. Kwa hiyo daktari huyu wa Tanga aliponiandikia kwamba hospitali anakojifunza inaruhusu wageni kutazama kutoka nyuma ya kioo, mgonjwa akikubali, nilikusanya nauli.

Mji wenyewe unaitwa Kitakyushu, uliounganishwa mwaka 1963 kutokana na miji mitano, Kokura ukiwa mmojawapo. Ni mji wa chuma. Kiwanda cha Yahata kiliwasha tanuri lake mwaka 1901, na wazee wengi unaowakuta wodini walifanya kazi humo au kwenye viwanda vilivyokizunguka. Hospitalini kila jambo lina kiatu chake. Viatu vya barabarani unaviacha, unavaa ndara za ndani, na ukiingia msalani zinakungoja ndara nyingine ambazo hazitoki humo. Ukienda kumtazama mgonjwa usimpelekee ua la chunguni, kwa kuwa ua lenye mizizi linasemwa litamfanya mgonjwa naye aote mizizi kitandani. Kwenye korido niliyopita, vyumba viliruka kutoka namba tatu kwenda tano, maana neno lao la nne linatamkwa sawa na la kifo. Niliyapenda haya. Watu wanaoogopa mzizi wa ua la chunguni ndio hao hao wanaopima ukuta wa mshipa kwa sehemu ya mia ya milimita, na sikuona kimoja kikikizuia kingine.

Mgonjwa niliyeruhusiwa kumtazama alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, mstaafu wa kiwanda cha chuma, mwenye kisukari cha zaidi ya miaka ishirini. Aliniinamia akiwa amelala, kwa kichwa tu. Walimdunga ganzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wakapitisha mrija mwembamba, katheta, kwenye mshipa ule ambao waganga wetu wa zamani hushika kusikiliza mapigo. Hakulazwa usingizi. Alikuwa macho muda wote, akijibu alipoulizwa.

Kwanza walifanya kile ambacho kila kathilabu, yaani chumba cha katheta, duniani hufanya. Wanaingiza dawa ya kuonesha mishipa, mashine ya mionzi inapiga filamu, na mishipa inayoulisha moyo inachorika kama mizizi myeusi. Kipimo hiki, angiografia, kina umri wa kutosha. Mason Sones alikianzisha Cleveland, Marekani, mwaka 1958. Miaka kumi na tisa baadaye, Zürich, Andreas Grüntzig akapanua kwa puto mshipa wa moyo wa mtu aliye macho, akafungua njia ya yote yaliyofuata. Nilitazama skrini, nikaona mahali ambapo mzizi umebanwa. Basi, nikajisemea, si pameoneshwa? Wazibue.

Daktari wa Tanga alisoma uso wangu. "Mama, wewe ni mtu wa Mji Mkongwe. Ukipigiwa picha ya uchochoro kutoka juu, utajua uchochoro ni mwembamba. Je, utajua ukuta wa nyumba umejengwa kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kaka yangu alitibiwa kwa picha gani. Angiografia inaonesha njia ambayo dawa imepita. Ukuta wenyewe haumo. Uchochoro unaweza kuwa mwembamba kwa sababu ya mafuta laini ambayo puto litayasukuma kama unga uliokandwa, au kwa sababu ya pete ya chokaa ngumu ambayo puto litaigonga na kurudi. Kwenye kivuli vyote viwili vinafanana.

Nikamuuliza wenyewe wanaitaje hii chokaa. "Sekkaika," akasema, akachukua kalamu akanichorea alama tatu kwenye daftari langu, moja chini ya nyingine. Ya kwanza ni jiwe. Ya pili ni jivu. Ya tatu ni kugeuka.

Jiwe, jivu, kugeuka. Baba alikuwa akipanga magogo duara, anarundika matumbawe juu yake, anawasha moto unaokesha, na asubuhi jiwe la bahari limekuwa jivu jeupe. Halafu jivu lile huzimwa kwa maji, huachwa likae, hupakwa ukutani, na kadiri miaka inavyopita hurudi kuwa jiwe. Wajapani wamelikusanya tanuu zima la baba yangu katika neno moja, wakalitumia kutaja kinachotokea ndani ya mshipa wa mzee mwenye kisukari. Ndani ya mshipa hakuna moto, lakini safari ni ile ile. Uzee, kisukari, moshi wa sigara na figo zilizochoka huuchokoza ukuta mwaka hadi mwaka, madini ya damu yanajipanga mahali palipojeruhiwa, na kilichokuwa laini kinakuwa mwamba. Wagonjwa wa figo ndio huumia zaidi, na Japani ina zaidi ya watu 300,000 wanaosafishwa damu kwa mashine, kwa hiyo madaktari wake wameizoea chokaa kuliko wengi.

Kisha wakaingia ndani. Juu ya waya uliokwisha kupita waliteleza katheta nyembamba isiyofika hata milimita moja kwa unene, yenye uzi wa kioo unaorusha mwanga usioonekana kwa macho. Damu huzuia mwanga, kwa hiyo wanasukuma dawa kidogo kuisafisha njia, na katika muda wa kuvuta pumzi moja uzi unajirudisha nyuma wenyewe huku ukizunguka na kupiga picha. Teknolojia hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1991 na watafiti wa Boston, wakiwaza hasa jicho. Inatenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja au mbili tu kati ya mia za milimita. Ipo pia ndugu yake ya sauti, ultrasaundi ya ndani ya mshipa, ambayo huona mbali zaidi ukutani ila bila wembe wa mwanga, na kwayo chokaa hung'aa nyeupe na nyuma yake kunakuwa giza. Mwanga wenyewe hupenya chokaa, na ndiyo sababu unaweza kupima unene wake.

Nilitarajia kuona jiwe jeupe. Nikaona kisiwa cha kijivu chenye ukingo mkali, kimeukumbatia mshipa kama jongoo aliyejikunja. Kabla ya kugusa kitu chochote, wote walisimama. Hili ndilo lililonikaa moyoni kuliko mashine. Daktari mkuu akainua kidole akakielekeza kwenye skrini, akataja namba kwa sauti: nyuzi mia mbili na sabini. Mtaalamu wa picha upande wangu wa kioo naye akanyoosha kidole, akairudia namba, akamaliza kwa neno "yoshi," yaani sawa. Unene, zaidi ya nusu milimita. Kidole, namba, yoshi. Urefu, zaidi ya milimita tano. Kidole, namba, yoshi. Desturi hii ilizaliwa kwenye reli zao zaidi ya miaka mia iliyopita, na siku iliyotangulia nilikuwa nimemwona mfanyakazi wa stesheni akiielekezea kidole taa na saa huku akisema peke yake. Nilidhani anasali.

Namba zile tatu zina kazi. Mwaka 2018 daktari Fujino na wenzake walichapisha kipimo kinachosema kwamba chokaa ikizunguka zaidi ya nusu ya duara, ikawa nene kupita nusu milimita na ndefu kupita milimita tano, stenti iko hatarini kutofunguka sawasawa. Na stenti isiyofunguka haitulii. Damu huganda ndani yake, au kovu huota na kuiziba upya. Mbaya zaidi, ukishaifungulia juu ya mwamba huwezi kuitoa. Ni kama mlango uliochomelewa fremu kabla ya kuta kunyooshwa.

Baada ya hapo yalifuata majadiliano kama ya mafundi seremala. Upande mmoja ilikuwapo keekee, kijiwe chenye umbo la zeituni kilichopakwa vumbi la almasi, kinachozunguka kati ya mara laki moja na elfu arobaini na laki moja na elfu themanini kwa dakika, kikisaga kigumu na kuruka kilaini. Upande wa pili, puto lenye vitoa cheche ndani yake ambalo hurusha mawimbi ya mshtuko, kwa kanuni ile ile iliyoanza kuvunja mawe ya figo München mwaka 1980. Keekee hula inapogusa, na njia ya mzee huyu ilikuwa pana kiasi kwamba ingepita bila kusaga vya kutosha, wakati chokaa yenyewe imekwenda chini sana. Wakachagua mawimbi. Chaguo lilitoka kwenye picha. Marekani, jaribio lililotangazwa mwaka 2024 kwa wagonjwa zaidi ya elfu mbili wenye chokaa halikuona faida ya kumsagia kila mtu ukilinganisha na kuanza na maputo. Chombo cha bei mbaya hakimsaidii mgonjwa ambaye ukuta wake hakikuufaa.

Puto likajazwa taratibu, kwa nguvu ndogo tu. Nikasikia mapigo kumi, moja baada ya jingine, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Wakapumzika, moyo ukapata damu yake. Kumi tena. Mzee aliulizwa kama anaumwa, akasema anahisi kama treni inapita mbali. Walipourudisha uzi wa mwanga, kile kisiwa kilikuwa na nyufa tatu, nyeusi, wazi. Chumba kizima kikashusha pumzi. Mimi niliyelelewa na fundi niliona ajabu watu kufurahia ufa. Kwa baba ufa ulikuwa aibu ya wiki nzima. Lakini sasa ukuta ungeweza kusogea. Wakaweka stenti, wakatazama tena, wakakuta upande mmoja haujaugusa ukuta vizuri, wakapanua kwa puto kubwa zaidi, wakatazama mara ya nne. Kidole. Yoshi.

Nilipouliza kama huwa wanatazama hivi kwa kila mtu, daktari wa Tanga alisema kwamba Japani, katika kazi nyingi kabisa za kuweka stenti, huingia ndani kwa sauti au kwa mwanga, zaidi ya nane katika kila kumi. Bima inalipia. Tangu mwaka 1961 kila mkazi yumo kwenye bima, mgonjwa wa kawaida huchangia asilimia thelathini, wazee pungufu ya hapo, na kuna kikomo cha mwezi ambacho mchango hauruhusiwi kukipita. Daktari hana sababu ya kutoka nje kuwauliza watoto wa mgonjwa kama wanazo fedha za kutazama. Nikakumbuka ile karatasi ya hesabu tuliyopewa sisi: kitanda, dawa, stenti, ada ya daktari. Kutazama ndani hakukuwamo. Hatukukataa, hatukuulizwa.

Tumepiga hatua, na sipendi safari inifanye nisahau hivyo. Kwa miaka mingi mgonjwa wetu wa moyo alipelekwa India au alisubiri kifo. Tangu 2015 Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na mtu wa Unguja anavuka kwa boti akazibuliwe mshipa, arudi. Mwaka 2023 Tanzania Bara ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sasa ndio wakati wa kuamua bima hiyo italipia nini, na ningetamani wanaoandika orodha zake wakae siku moja nyuma ya kioo kile. Mwaka huo huo wa 2023 Wakorea walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,639 wenye mishipa migumu kutibika, wakiwamo wa chokaa nzito. Kwa waliotazamwa ndani, waliokufa kwa moyo, au kupata shambulio kwenye mshipa uliotibiwa, au kurudi kuzibuliwa pale pale, walikuwa asilimia 7.7 baada ya takriban miaka miwili. Kwa waliotibiwa kwa kivuli peke yake, 12.3. Katika watu mia, wanne au watano. Kaka yangu ni mmoja, najua uzito wa mmoja.

Jumapili tulipanda Hiraodai, uwanda wa juu ulio kusini ya mji. Majani yamefunika kilima chote, na katikati yake yamesimama mawe meupe kwa mamia, hata wenyeji husema ni kundi la kondoo. Yote ni chokaa. Hapo zamani palikuwa chini ya bahari, na mawe yale ni matumbawe na magamba ya viumbe vya maji, ndugu wa matumbawe ya Chwaka na Makunduchi. Upande wa pili wa kilima wanachimba kwa ajili ya saruji. Chokaa hii ndiyo huingia pia kwenye matanuri ya chuma kunyonya uchafu wa madini, kwa hiyo yule mzee aliyepasuliwa chokaa kifuani aliishi miaka arobaini akiitia motoni. Nilikaa juu ya jiwe moja, nikaligonga kwa kifundo cha kidole bila kukusudia, alivyokuwa akifanya baba. Hakupaka ukuta wa mtu kabla ya kuugonga kutoka juu hadi chini, sikio likiwa karibu, akitafuta mahali palipotengana na jiwe. Wateja walichoka kumngoja. Wengine walimwambia lipu ni lipu, paka tu. Akaendelea kugonga.

Usiku ule nilitoa kwenye mkoba diski yenye filamu ya matibabu ya kaka yangu. Nilikuwa nimetembea nayo tangu Unguja, nimeizungushia kanga. Daktari wa Tanga aliiweka kwenye kompyuta yake, akaitazama mara mbili bila kusema neno, kisha akairudisha nyuma na kuisimamisha. Kabla dawa haijaingia, kwenye filamu tupu ya mionzi, kulikuwa na mistari miwili hafifu inayocheza pamoja na moyo kama reli. "Hii ni chokaa," alisema. "Inaonekana bila mashine yoyote ya ziada, ukingoja sekunde moja kabla ya kuingiza dawa." Akasogeza mbele. Puto limejazwa, na katikati lina kiuno, mithili ya kibuyu. "Na hapa puto linasema limekataliwa. Ukiona kiuno hiki, unasimama. Hata kama huna mwanga, huna sauti, huna keekee, unasimama, unafunga kazi, unampeleka mgonjwa penye vifaa siku nyingine." Akasogeza tena. Picha iliyofuata stenti ilikuwa tayari imewekwa, na kiuno kimo.

Alinyoosha kidole akakigusa kile kiuno kwenye skrini, kwa desturi ya mji ule, ila hakusema yoshi.

Kokura ilikuwa imepita saa sita usiku, Unguja imepita saa kumi na mbili jioni. Nilimpigia kaka. Alikuwa amekaa barazani, nikasikia adhana ya Magharibi nyuma yake. Nikamwambia kwamba safari hii, popote tutakapompeleka, kabla hajalala mezani tutauliza swali moja, na kama hawana jibu tutaondoka na diski yetu. Akaniuliza swali lenyewe ni lipi. Nikamwambia: mtaugonga ukuta kwanza?

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba."